Chaki ya Upande wa Ndani

Kwa miaka thelathini na mmoja Mama Mkasi hakuwahi kushona nguo hata moja, na bado alihesabiwa miongoni mwa mafundi bora wa mtaa ule. Yeye alikata. Aliyeshona ni mwenzake, Pedali. Chumba chao cha kazi kilitazamana na duka la vipuri vya baiskeli: meza ndefu ya kukatia karibu na mlango, cherehani chini ya dirisha, na katikati kikapu cha vipande ambavyo wote wawili waliapa iko siku watavitengenezea mto. Mto wenyewe hadi leo haujaonekana.

Pedali alipewa jina hilo kwa ajili ya mguu wake wa kulia. Ulikuwa umezoea cherehani kiasi kwamba haukujua tena kupumzika. Alimenya vitunguu mguu ukicheza, alisikiliza hotuba mguu ukicheza, hata msibani alitafutiwa mahali pa pembeni asije akatikisa benchi zima. Mguu ukitulia, ujue mwenyewe kakasirika kwelikweli. Mama Mkasi alikuwa ameuona umetulia mara mbili tu maishani, na hakuitamani mara ya tatu.

Kazini walizungumza kwa chaki. Mama Mkasi akishakata kitambaa, alichora alama upande wa ndani, ule ambao mteja haangalii. Msalaba: shona mara mbili, huyu hukaa kwa kujitupa. Mistari miwili: acha akiba kwenye mshono, msichana bado anakua. Kiduara kiunoni: huyu katupa vipimo vya ujana wake, usimwamini. Pedali akimaliza, alipangusa chaki kwa kitambaa chenye maji, akapiga pasi, na mteja akaondoka na furaha yake bila kujua kwamba amesengenywa ndani ya nguo yake mwenyewe.

Kosa lao lilikuwa moja tu. Waliozana watoto.

Kijana wa Mama Mkasi, fundi wa friji, alimwoa binti wa Pedali, muuguzi wa zamu za usiku. Siku ya harusi mama wawili hawa walicheza mpaka viatu vikawashinda, wakavivua. Katika furaha ile yote hakuna aliyeuliza swali dogo: mtu anayelala mchana, na mtu anayegonga mafriji sebuleni mchana kutwa, watakaaje nyumba moja? Walikaa miaka miwili. Muuguzi aliomba kelele zipungue, fundi aliomba chakula cha mchana kiwe cha moto, kila mmoja akamwona mwenzake hana adabu, na asubuhi moja binti akafunga virago akarudi kwa mama yake.

Hapo ndipo Mama Mkasi alipoteleza. Alikuwa jikoni, damu imemchemka, na mbele yake amekaa wifi yake, dada wa marehemu mume wake. Akasema, "Mtoto yule hakufundwa."

Maneno matatu tu. Lakini ukisema binti wa mtu hakufundwa, umemvua mama yake umama, na wifi huyo hakuwa mtu wa kulala na neno mdomoni. Kabla ya jua kuzama maneno matatu yalikwisha kufika kwa Pedali, yakiwa yamezaana njiani na kutiwa chumvi ya kutosha.

Kesho yake akaja kaka wa Pedali, karani mstaafu wa mahakama, mzee asiyeweza hata kuagiza chai bila kuandika. Alikuja na mkokoteni. Akapakia cherehani, kisha akatoa karatasi na kusoma masharti: hadi siku ya kikao cha familia, mtu wa upande huu asikanyage kwa upande ule, wasisemezane, wasipigiane simu. Wifi, ambaye kwa kawaida hakubaliani na mzee huyo hata saa ni ngapi, safari hii alikubali kila kitu.

Mama Mkasi akabaki na meza yake, na chini ya dirisha zikabaki alama nne za miguu ya cherehani sakafuni. Kila akiinua macho alikuwa anaziona. Wateja hawakujua habari za vikao, walileta vitambaa kama kawaida. Aliazima cherehani akajaribu kushona shati mwenyewe. Mkono mmoja ulitokea karibu na shingo. Mwenye shati aliligeuza huku na huku, akamtazama kwa huruma, akasema atalivalia shambani.

Aliyemwokoa ni Mama Maziwa, mwanamke aliyeuza maziwa mlango kwa mlango na kupita nyumba zote mbili kila asubuhi.

"Hiyo karatasi ya mzee imekataza watu na simu," alisema huku akimimina. "Vitambaa imevitaja?"

"Haikuvitaja."

"Basi nipe hivyo vitambaa, chupa zinanisubiri."

Kazi ikarudi barabarani. Mama Mkasi alikata, Mama Maziwa alibeba, Pedali alishona kwake, na wateja walichukulia nguo huko huko. Na kwa kuwa chaki ilikuwa mkononi, Mama Mkasi alianza kuongeza maneno juu ya alama zake. Kwenye suruali ya mwenye duka la vipuri aliandika, "Goti lako linaendeleaje?" Kwenye sketi ya mwalimu wa chekechea, baada ya kuzunguka meza mara tatu, alipiga moyo konde akaandika, "Nisamehe."

Tatizo ni kwamba nguo zikishakamilika hazikurudi kwake. Pengine Pedali alisoma akalainika. Pengine alisoma akapangusa kwa nguvu. Angejuaje? Aliogopa kumpoteza yule mwanamke kuliko alivyoogopa kitu kingine chochote katika umri wake huo, na aliona haya kumwambia mtu, maana kila aliyekuja kumpa pole alimpa pole ya ndoa ya mwanawe.

"Mguu wake unacheza?" alimuuliza Mama Maziwa.

"Mimi napokelewa dirishani, dada. Namwona kuanzia kifuani kwenda juu."

Ndipo akapata wazo la kuwa mteja. Alitoa sandukuni kitambaa cha buluu chenye vidoa vyeupe, kile alichokuwa akikiwekea siku maalumu ambayo haikufika, akajikatia gauni. Vipimo vyake alivijua kwa kichwa. Kiuno inchi thelathini na nne, kama siku aliyoanza kazi. Kwa mazoea aliacha akiba kwenye mshono, ila kiduara hakuchora, cha nini? Ndani ya pindo aliandika, "Nilikosea. Umenisamehe?" Gauni likaenda Jumanne. Kikao kilikuwa Jumamosi.

Lilirudi Jumamosi asubuhi, wakati wifi ameshasimama mlangoni akilalamika kwamba wamechelewa. Hakukuwa na nafasi ya kugeuza chochote. Alilivaa mbiombio, akajitazama kiooni upande huu na ule. Limemkaa.

"Thelathini na nne," alimwambia wifi. Wifi alikitazama kiuno, kisha akatazama saa.

Sebuleni kwa karani viti vilipangwa safu mbili, kama vile kuna mtu anakwenda kufungwa. Fundi na muuguzi walikaa ncha za mbali, kila mmoja akichunguza kucha zake. Pedali alikuwa katikati ya safu yake, mikono mapajani, uso mkavu. Mama Mkasi alishusha macho taratibu mpaka sakafuni.

Mguu ulikuwa umetulia kabisa.

Karani alikohoa, akafungua daftari, lakini wifi alimuwahi. Alikuwa ameinama nyuma ya Mama Mkasi, akiukodolea macho mshono wa kola.

"Gauni hili nani kakushonea?"

Kola ile ya mishono miwili iliyolala sambamba ilitoka mkono mmoja tu mtaani, na waliokuwemo wote walikuwa wameivaa.

"Kwa hiyo masharti yamevunjwa," karani alisema, akashika kalamu.

Mama Mkasi akasimama. "Andika, kaka. Nilisema mtoto yule hakufundwa. Nilisema uongo, na nilijua ni uongo. Nilikuwepo akifundwa. Kufunga kamba za viatu kajifunzia chini ya meza yangu. Na huyu wangu kajifunzia kugonga vitu hapo hapo, sikumkataza hata siku moja. Kama malezi yao yana kasoro, tuliwalea wawili, chumba kimoja, mtupige sote. Wakitaka kurudiana, warudiane. Wakitaka kuachana, watajua wenyewe. Lakini mimi hapa sina niliyeoana naye wa kuachana naye. Mimi namtaka mwenzangu."

Aliketi. Fundi alikuwa ameacha kucha zake, anamtazama mama yake kama mtu aliyeonana naye leo. Karani, ambaye hakuandika hata herufi, aliuliza kama upande wa pili una la kusema.

"Ninalo," Pedali alisema. "We Mkasi, gauni hujaligeuza?"

"Sikupata nafasi."

"Geuza pindo."

Aliligeuza pale pale, mbele ya wakwe, na karani kwa heshima akahamishia macho darini. Chaki ilikuwa haijapanguswa. Kila herufi yake ilikuwa imepitishiwa uzi mwekundu, mshono mdogomdogo wa mkono, isije ikafutika hata gauni likifuliwa miaka kumi. Na chini yake, kwa uzi huo huo, jibu: "Tangu sketi ya mwalimu."

Mama Mkasi alilia mpaka akahitaji pindo lenyewe kufutia machozi.

"Sasa mguu?" aliuliza alipopata sauti. "Mbona ulitulia, mwenzangu? Umetaka kuniua."

"Kaka kaniambia nikae kama mtu mwenye hasira. Nimeubana kwa huu mwingine tangu asubuhi, umekufa ganzi." Akauachia, na mguu ukaanza kucheza hadi vikombe vikagongana mezani.

Kikao kiliahirishwa. Fundi alikubali kuhamishia mafriji yake kwenye banda la kukodi, muuguzi akasema atafikiri, na mpaka sasa anafikiri. Cherehani ilipangiwa kurudi Jumatatu kwa mkokoteni ule ule.

Alasiri hiyo Mama Mkasi alivua gauni chumbani kwake, akaligeuza lote, atazame kazi ya mwenzake kwa raha zake. Mishono ya ubavuni ilikuwa imefika ukingoni. Akiba yote aliyoiacha ilikwisha kutumika, kulia na kushoto, haikubaki hata ya kushika kwa kucha. Na pale kiunoni, kwa uzi mwekundu, palishonwa kiduara.