Taa za Njano na Jani la Sale

Mimi nikipatana bei huwa nafurahi hadi najisahau. Majirani zangu wa dukani Kariakoo wananijua. Huu ni mwaka wa ishirini nauza vitambaa, na sikumbuki mtu aliyewahi kuniuzia kitu kwa bei aliyoitaja mara ya kwanza. Kwa hiyo habari za taa za gari langu lazima nizianze kwa kukiri kwamba ninapenda sana kushinda, na kwamba hasira zangu ziko karibu.

Gari lenyewe ni dogo na la zamani. Lilitoka Japani likiwa limeshatumika huko, nami nimelitumia miaka kumi mingine bila kulichoka. Naishi Ilala na mama yangu mzazi. Kila asubuhi gari linanipeleka dukani na jioni linanirudisha, polepole, maana foleni ya Kariakoo haina habari na haraka zako. Jumapili linampeleka mama kanisani.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, tulialikwa harusi Kibaha. Tulipotoka mjini barabara ikanyooka, nikakanyaga mafuta, na kwenye dashibodi zikawaka taa tatu kwa mpigo: moja nyekundu ya breki, na mbili za njano, ile yenye herufi za ABS na ile yenye picha ya gari linaloteleza. Mama alikuwa amekaa mbele, pembeni yangu. Macho yake siku hizi Biblia inamshinda bila miwani, lakini zile taa aliziona kabla yangu.

"Gari linasema nini?" akauliza.

"Halisemi kitu, mama. Ni taa tu."

Tulifika salama, tukala, tukashangilia maharusi, lakini wakati wa kurudi alishika mkanda kwa mikono miwili mpaka Ilala. Kesho yake, tukinywa chai, akaniambia kwamba safari ya mbali na gari lile hapandi tena mpaka taa zizimike na zikae zimezimika.

Hapo ndipo moyo uliponilipuka, kwa sababu sisi ni watu wa Kilimanjaro, na Desemba Mchaga anafunga duka hata kama wateja wamejaa mlangoni, anakwenda kwao. Mama alikuwa amekosa Krismasi mbili za nyumbani kwa sababu ya operesheni ya nyonga. Kusafiri kwa basi hawezi, daktari alisema asikae muda mrefu bila kusimama na kujinyoosha, na basi halisimami kila mtu anapotaka. Kaburi la baba yangu liko nyumbani, kwenye migomba, na mama hakuwa amelitia machoni kwa miaka miwili. "Hii ya tatu nikiikosa," alisema huku akipaka mkate siagi, "ya nne sijui kama nitaiona." Hakulia wala hakunilaumu. Niliogopa kuliko kama angelia.

Nikaenda kwa fundi wangu. Ni mtu wa pwani, rika langu, mpole, gereji yake iko Ilala hukohuko, na gari langu amelishika miaka yote kumi. Tunataniana sana. Yeye husema nikifa nitaomba punguzo la jeneza. Siku hiyo akaniuliza, "Dada, kuna kitu chochote umebadilisha kwenye gari karibuni?"

"Hakuna," nikamjibu, bila kufikiri.

Taa nyekundu aliimaliza siku hiyohiyo: pedi za breki zilikuwa zimekwisha na mafuta ya breki yamepungua. Zile za njano akazipima kwa mashine, mashine ikasema sensa ya gurudumu la nyuma kushoto, kile kifaa kinachosoma mwendo wake, ina kosa. Akanieleza kwamba gari litasimama nikikanyaga breki, ila ule msaada wa kulizuia lisiteleze ndio haupo. Nilinunua sensa mwenyewe, mtumba wa Japani, kwa bei niliyoitaka. Akaifunga, akafuta makosa kwenye mashine, taa zikazimika.

Nikazunguka nalo mjini wiki mbili, hamna taa. Nikamwambia mama twende tukajaribu. Alikubali kwa shingo upande, mpaka Kibaha tu. Hatukufika. Barabara iliponyooka, njano mbili zikawaka palepale.

Niliporudi gereji, mashine ikataja sensa ya nyuma kulia. Nikanunua, akafunga, akafuta. Mjini kimya, nje ya mji taa. Mara ya tatu mashine ikazitaja zote mbili za nyuma, na fundi akakuna kichwa, akaomba nimwachie gari siku mbili aangalie nyaya. Akalirudisha, nikatoka nalo peke yangu hadi Mbezi, zikawaka. Desemba ilikuwa imeshaingia.

Mama aliponisikia nafungua geti alijua. "Huyo fundi wako tapeli," akasema. "Anazizima ili urudi."

Nililala na neno hilo, na asubuhi nikalipeleka gereji kama lilivyo. Nilimwita tapeli mbele ya wateja wake watatu. Nikaongeza na mengine ya kwangu, ambayo sitayaandika hapa. Yeye alifuta mikono kwenye tambara, taratibu, akaniletea funguo.

"Gari lako hilo, dada. Tafuta fundi mwingine."

Angenitukana ningejisikia vizuri zaidi. Niliendesha hadi dukani, nikaegesha upande wa pili wa mtaa, nikaingia kazini na sura ya kufukuza wateja.

Mchana nikawa nampimia mama mmoja kitambaa cha gauni. Kazi hii imenipa jicho moja tu la maana. Pindo la gauni likipanda nyuma hata kidogo, nitaliona kutoka ng'ambo ya barabara. Nikainua macho, nikalitazama gari langu likiwa limekaa ubavu, na nikaona pindo limepanda nyuma.

Nilimwomba mteja radhi, nikavuka mtaa na futikamba yangu shingoni. Nikapima tairi la mbele kutoka chini hadi juu, kisha la nyuma. Nikazunguka upande wa pili, nikapima tena. Msukuma mkokoteni akasimamisha mzigo wake kunitazama.

"Mama, unalishonea gauni?"

"Linakwenda harusini," nikamjibu, lakini kucheka sikuweza. Matairi ya nyuma yalikuwa yamezidi ya mbele kwa vidole viwili, pande zote mbili. Na niliyaweka mwenyewe.

Ilikuwa mwezi wa nane. Muuza matairi alinishawishi kwamba nikifunga makubwa nyuma gari litainuka, halitakwaruza tumbo kwenye kilima cha kwetu. Nilimbana bei mpaka akaomba huruma, nikarudi nyumbani naimba. Wiki zilizofuata gari halikutoka nje ya foleni, halikusema kitu. Na fundi aliponiuliza kama nimebadilisha chochote, matairi hayakunijia kichwani kabisa. Kwangu mimi yale hayakuwa matengenezo. Yalikuwa ushindi.

Jioni nikamweleza mama yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua fimbo yake, akaenda kibarazani. Pale ana ndoo ya rangi aliyopanda masale, kipando alichotoka nacho kwetu. Kwa Wachaga sale ni jani la kuomba msamaha. Ukimkosea mtu unampelekea, na aliyepelekewa hawezi kukataa. Akachuma moja, akanipa.

"Mpelekee fundi."

"Mama, yule ni mtu wa pwani. Hili jani halijui."

"Wewe unalijua."

Asubuhi nikasimama mlangoni mwa gereji na jani mkononi, kwa aibu ambayo sijaisikia tangu shuleni. Fundi akalitazama.

"Dawa?" akauliza.

Nikamweleza jani ni la nini. Halafu nikasema, "Uliniuliza kama nimebadilisha kitu, nikasema hakuna. Nilibadilisha matairi ya nyuma."

Akalizunguka gari, akachuchumaa mbele, akasoma namba za tairi, akaenda nyuma, akasoma. Akabaki amechuchumaa kwa muda, mabega yakaanza kumtikisika, na kumbe anacheka.

"Na mimi ni mjinga," akasema. "Wiki zote hizi natazama mashine, gari sijalitazama."

Akanieleza kwamba gari linahesabu mizunguko ya kila gurudumu. Tairi kubwa linazunguka mara chache kuliko dogo. Kwenye foleni tofauti haionekani, lakini ukiongeza mwendo, gari linaona nyuma na mbele havipatani, linadhani sensa zinasema uongo au linateleza, linawasha taa. Sensa zote nilizonunua hazikuwa na kosa, wala zile za zamani.

"Sasa hili jani," akasema, "kwenu mtu akiletewa anafanyaje?"

"Anasamehe. Hana ujanja."

"Basi na mimi sina ujanja." Akalitia kwenye mfuko wa ovaroli, ncha ikachungulia nje siku nzima.

Matairi ya saizi moja na yale ya mbele tulikwenda kununua pamoja. Nilikuwa nimejiapiza kukaa kimya, na nilikaa, ingawa alipatana bei vibaya mno hata nikatafuna ulimi. Akayafunga, akafuta makosa, tukaenda wote wawili hadi Kibaha na kurudi. Dashibodi ilikuwa nyeusi tii, na mimi nilikuwa na raha hiyo jamani.

Siku tatu kabla ya Krismasi, alfajiri, mama akapanda mbele. Akaweka mkoba miguuni ili usimzibie dashibodi, akaikodolea macho kama mwalimu anayesimamia mtihani. Kibaha tukapita. Chalinze tukasimama akajinyoosha. Baada ya hapo akaacha kutazama taa, akaanza kunisimulia jinsi baba alivyomposa, habari ambazo sikuwahi kuzisikia. Jioni tukapanda kilima cha kwetu. Tumbo la gari lilikwaruza mawe mara mbili, naye akacheka.

Aliposhuka hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye migomba, mimi nyuma yake, akasimama kaburini kwa baba muda mrefu. Nilimwacha. Kisha akanyoosha mkono kwenye masale yaliyopandwa pembeni ya kaburi, akachuma jani, akalifuta vumbi kwa kanga yake, akanikabidhi.

"Hili mpelekee fundi."

"Mama, nilishampelekea."

"Lile lilikuwa lako," akasema. "Aliyeanza kumwita tapeli ni mimi."