Fuwele Isiyo na Fedha

Kwa miezi minane mkemia mmoja alihangaika kuunganisha fedha na kabeni, molekuli ya kaboni inayopenda kushikamana na metali. Aliamini kwamba mwanga ndio unaomharibia kazi. Kwa hiyo kila alipochanganya chumvi inayozaa kabeni na oksidi ya fedha, alivika chupa karatasi ya alumini, akafunga mapazia, na bado kila mara aliambulia unga mweusi.

Nyumbani shangazi yake hakumwacha apumue.

"Kila siku unashika fedha, mwanangu, mbona mfukoni haziingii?"

"Ni madini, shangazi, siyo hela!"

Asubuhi moja alikuta fuwele zinang'aa ndani ya kichupa. Alizipeleka mbiombio kwa fundi wa mashine ya eksirei, inayoonyesha atomi zilivyojipanga. Mchoro ukajitokeza kwenye skrini.

"Fedha iko wapi?" aliuliza.

"Haimo, dada. Hii ni ile ile chumvi uliyoanza nayo. Oksidi yako ya fedha ni ya lini?"

Alirudi maabara akageuza kopo la oksidi. Lebo ya nyuma ilisema lilifunguliwa miaka tisa iliyopita. Kumbe ule unga mweusi ulikuwa oksidi iliyochoka, imekaa tu chupani bila kufanya kazi!

Alipiga teke ndoo ya taka hadi ikabingirika mlangoni, kisha akaenda kuiokota kwa aibu. Akafungua mapazia yote kwa hasira, akaketi kutengeneza oksidi mpya kwa mkono wake, akinung'unika peke yake mpaka saa ya kwenda nyumbani.