Sauti ya Midomo Miwili

Juzi nilikuwa dukani kwangu hapa Nakuru nikimpimia mteja dawa ya kupe, redio ikiwa imewashwa tu ya kunichangamsha. Mtangazaji akaanza kusifu albamu mpya ya jazi: saksafoni, piano, besi kubwa ya mbao na ngoma, watu wanne ndani ya ukumbi mmoja, bila chombo chochote kuunganishwa na umeme. Akataja jina la dada yangu. Kisha akasema hajui huyu mwanamke ameitoa wapi sauti laini namna ile, yenye pumzi nyingi, kama mtu anayekunong'oneza jambo. Mteja akaniuliza mbona nacheka. Alikuwa na haraka, nikampa tu dawa yake. Wewe una nafasi, ngoja nikuambie.

Tulilelewa na nyanya yetu Subukia, kwenye kipande cha ardhi ambacho zamani kilikuwa shamba la mzungu. Asubuhi bonde lilijaa ukungu mpaka humwoni ng'ombe, unasikia tu akicheua. Tulikunywa uji wa wimbi tukiwa tumesimama, halafu dada anakamua, mimi nakata nyasi ya nepia, nyanya anapeleka maziwa barabarani kungoja lori. Jioni ilikuwa githeri, mahindi na maharagwe, ya kukaangwa na kitunguu, na moshi wa kuni uliokaa kwenye sweta mpaka shuleni.

Jirani yetu, ukishapita mibuni, alikuwa mwanajeshi mstaafu. Alipuliza saksafoni kwenye bendi ya jeshi miaka mingi, akatoka kambini Gilgil, akarudi kulima. Sote tulimwita Afande. Kila jioni alikaa nje ya jikoni akapuliza, mkewe akichambua maharagwe pembeni. Dada akaanza kusimama uani kwao na mzigo wa nepia kichwani, hautui, anasikiliza tu. Siku moja Afande akamwambia, "Weka hiyo nyasi chini, utavunjika shingo. Kuja ushike."

Nyanya hakupenda. Alisema makelele hayo yatafanya ng'ombe wabane maziwa. Lakini kanisani walipomwomba dada apulize kwenye ibada ya Krismasi, nyanya huyo huyo akaanza kuwatajia watu sokoni kwamba ni mjukuu wake.

Halafu mtamba wetu mmoja akazaa kwa mara ya kwanza. Hakuwa amezoea kukamuliwa. Dada alikuwa amechutama, nzi akamuuma yule ng'ombe, naye akarusha teke. Nilisikia mlio mdogo, kama kijiti kikavu kinapovunjika. Nilipogeuka, dada alikuwa amekaa kwenye matope, mkono mdomoni, na maziwa yaliyomwagika yalikuwa na damu. Meno mawili ya mbele, ya juu, yalikuwa yametoka. Kwenye zahanati wakamshona mdomo.

Baada ya hapo alikuwa akiongea kwa nadra, tena akiwa amejiziba na leso. Krismasi ikafika, watu wakaimba bila saksafoni, yeye akabaki nyumbani. Saksafoni hushikwa kwa meno ya juu, na yeye hakuwa nayo tena, kwa hiyo alijiambia imekwisha. Niliumia zaidi nilipoona ameanza kurudi na nyasi kwa njia ya juu, ile ndefu, ili asimsikie Afande akipuliza.

Afande akaja kwetu mchana mmoja, saksafoni ikiwa imefungwa kwa shuka. Nyanya akasimama mlangoni.

"Afande, ng'ombe wangu ameshamvunja mtoto. Na wewe umekuja kumalizia?"

"Mama, sijakuja kumwumiza. Nataka sauti moja tu. Ikikataa, narudi nayo nyumbani."

"Shosho, wacha nijaribu," dada akamwambia nyanya kutoka ndani, akatoka nje na kuondoa leso. Ilikuwa mara ya kwanza kuliona lile pengo mwangani.

Afande akamkabidhi. "Usiume. Kunja midomo yote miwili, wa juu na wa chini, ndiyo ifunike meno na pengo. Shika kama mtoto anavyoshika titi."

Kwanza ilitoka hewa. Halafu hewa tena, na mate, na machozi, maana kovu lilikuwa bado bichi. Nyanya akageuka akatazama ukuta. Dada hakuacha. Mwishowe sauti ikatoka, na haikuwa ile ya zamani iliyokata kama filimbi ya refa. Hii ilikuwa ya chini, pana, nusu yake pumzi. Afande aliisikiliza mpaka ikaisha.

"Hii hata mimi siwezi," akasema. "Hii ni yako."

Dada alikuja kuwekewa meno alipoanza kupata kazi ya muziki Nairobi. Lakini hakurudia kuuma saksafoni kwa meno.

Albamu yenyewe nimeisikiliza mara nyingi sasa, nikipika au nikifunga duka. Kwa kuwa hakuna umeme, unasikia kila kitu: vidole vikibonyeza vifuniko vya saksafoni, mpiga besi akivuta pumzi kabla ya kuingia, brashi zikisugua ngozi ya ngoma kama mtu anayefagia uwanja. Dada hana haraka. Anaiacha piano iseme, ananyamaza mpaka unadhani amesahau, kisha anaingia chini kabisa. Hakuna kati ya wale wanne anayepaza sauti ili amzidi mwenzake. Sijui mengi kuhusu jazi, lakini najua raha ya kukaa na watu wanaosikilizana hivyo.

Jumamosi niliipeleka Subukia. Nyanya na Afande walishatutoka. Mibuni iling'olewa, pamepandwa mahindi na kujengwa nyumba za kupangisha, na kwetu kuna wenyewe wengine ambao hawafugi. Jioni ilipoingia, bonde lilikuwa na milio ya pikipiki tu. Lakini mke wa Afande bado yupo, amezeeka sana, na chai yake bado ni ya maziwa mengi. Niliweka simu mezani kati ya vikombe, nikachagua kipande cha mwisho, ambacho dada amekipa jina la mwalimu wake.

Ni wimbo ambao Afande alikuwa akiutunga mwenyewe miaka ile yote. Alikuwa akifika mahali fulani, anakwama, anarudi mwanzo. Hakuwahi kupapita.

Sauti ilipokaribia pale, mama wa watu akaweka kikombe chini. Dada akafika, akanyamaza kidogo, akapita. Piano ikamfuata, kisha besi, polepole, mpaka wote wanne wakawa wamevuka.

Mama alibaki ameitazama simu hata ilipokwisha kunyamaza.

"Kumbe wimbo wake ulikuwa unaenda huko," akasema.