Msiba wa Kitabuni

Jamani, leo nimemlilia mtu ambaye hajawahi kuzaliwa!

Nilikuwa kambini kwa wachimba madini hapa Songwa, nasoma hadithi niliyoazima misheni.

Nilipofika pale binti wa watu anapomzika mdogo wake, nikaangua kilio.

Mara jirani yangu, Mama Masanja, akaingia na kuni kichwani. Nyuma yake wanawake wenzake na unga.

"Pole, mwenzangu. Nani amefariki?"

"Ni... wa kitabuni, dada."

Nikangoja matusi. Akatua kuni, akaketi.

"Hebu soma. Alikufaje?"

Nikasoma. Tukalia ua mzima.

Ndipo mume wangu akarudi kutoka mgodini kwa Mzungu. Kutuona tu, akaitupa baiskeli.

"Mama yangu! Nilijua tu!"

Mama yake yuko Tinde, mzima kabisa.

Bado analia. Nani atamweleza?