Fundi Aliyekataa Kuunganisha Waya

Baridi ya mji wa Ballarat imeganda kwenye vioo vya madirisha, na Maree Trembath, fundi wa gesi, amepiga magoti mbele ya meko ya gesi, sebuleni kwa akina Noonan. Anabonyeza kitufe. Cheche inaruka, mwali mdogo wa kuwashia unashika, wa buluu. Anaachia kitufe taratibu. Mwali unabaki.

"Umepiga magoti tangu asubuhi," anasema Keith Noonan, mchimba dhahabu mstaafu, mapafu mabovu, blanketi miguuni. "Unatengeneza au unasali?"

"Vyote viwili, mzee wangu."

Meko inashika moto, sebule inaanza kupata joto. Kisha mwali unazimika, na moto wote nao.

Mara nyingi ugonjwa huwa mdogo. Buibui ametanda kwenye tundu la gesi, au kijiti cha shaba kinachohisi mwali kimeshika masizi. Maree ameshazibua tundu na kusugua kijiti kwa msasa. Lakini mwali unaozimika meko ikishapata moto haumpendezi hata kidogo. Anawasha tena, anasogeza njiti ya kiberiti inayofuka. Moshi haupandi kwenye dohani. Unamrudia usoni.

"Jirani anasema kuna waya mbili za swichi ya usalama inayozima gesi hapo," Keith anasema. "Ziunganishe tu, mama, tuote moto. Kazi ndogo hiyo."

Maree anafunga gesi.

Hakuzaliwa katika ufundi huu. Mwanamke huyu wa miaka hamsini na tatu alikuwa mwoka mikate mpaka majira ya baridi aliyofariki kaka yake, Colin. Meko ya Colin nayo ilikuwa ikizimika ovyo. Rafiki yake, Darryl Pascoe, akaja kumsaidia bure, akaunganisha waya zile zile. Moto haukuzimika tena. Kumbe ndege, kwezi, walikuwa wamejenga kiota kwenye dohani, na hewa yote ya sumu ikawa inarudi ndani. Hewa hiyo, kaboni monoksaidi, haina harufu.

"Nilimkuta kwenye kiti, televisheni inaongea peke yake," Maree anasimulia. "Nikamwambia, 'Amka, mvivu wewe, chai inapoa.' Mashavu yalikuwa mekundu kama ya mtoto. Nikadhani amelewa."

Anajifuta masizi mikononi.

"Swichi ile ilikuwa inampigia kelele, jamani. Sisi tukaiziba mdomo."

Akaacha mikate, akaenda kusomea gesi miongoni mwa vijana waliomwita bibi. "Waliniuliza kama nimeleta keki," anasema. Hacheki.

Kwa akina Noonan anapanda ngazi hadi juu ya paa. Akishuka, mkononi ana nyasi na manyoya ya kiota. Si hayo tu: bomba la dohani limepasuka, na meko yenyewe imeshachakaa. Anaibandika kibandiko chekundu cha marufuku. Haitawashwa tena.

Keith anafoka, kikohozi kinamkata maneno. "Unatuokoa na gesi ili tufe kwa baridi! Toka nyumbani kwangu!"

"Nyamaza, Keith," anasema mkewe, Val, kutoka mlango wa jikoni. "Jana kichwa kiliniuma mpaka nikatapika. Nikasema ni uzee."

Keith anamgeukia mkewe. Anajivua blanketi na kumnyooshea.

Maree anafungua madirisha yote, baridi ikiingia kama mgeni asiyebisha. Anawaamuru wavae makoti, kisha anawapeleka mwenyewe hospitali kwenye gari lake la kazi. Wakirudi, watakuta hita ya umeme aliyowaazima. Ni ndogo. Haitatosha sebule ile, naye anajua.

Sasa anapanga kukusanya wazee kwenye ukumbi wa klabu ya mpira, awaonyeshe kwa nini mwali unaozimika si wa kulazimishwa. Angependa Darryl ndiye azungumze. Darryl alibeba jeneza la Colin, na tangu siku hiyo akimwona Maree huvuka barabara kumkwepa.

Wiki iliyopita Maree alimfuata nyumbani kwake. "Alilia pale pale mlangoni. Hakusema ndiyo, hakusema hapana."

Kwa nini Darryl?

"Mimi watasema natafuta kazi. Yeye ndiye aliyeunganisha zile waya, watamsikiliza. Akija, nitakaa naye pale mbele, bega kwa bega. Asipokuja, nitakwenda tena kumpigia hodi."