Besi wa Wana wa Tangi

Enzi zetu pale Voi, ukiimba vizuri kidogo watu walikupongeza. Ukiimba vizuri sana, walianza kukushuku. Wenzangu mliokulia kwota za reli mnanielewa. Kijana akivaa suruali ya bugaluu ya kufagia vumbi, akina mama waliulizana kaitoa wapi. Msichana akichana nywele zikasimama kama kichaka, mwalimu alitaka kujua anampambia nani. Mama yangu mzazi alikuwa akininusa gauni nikitoka mazoezi ya kwaya, kana kwamba dhambi ina harufu kama mafuta ya taa.

"Saru, leo mmeimba nini?"

"Nyimbo za Mungu, Mama."

"Zote?"

Hilo "zote" lilinifanya nitazame miguu yangu, iliyokuwa myekundu mpaka magotini kwa vumbi la Voi, nikaenda zangu kuosha vyombo.

Tulikuwa wanne. Mghoi, binti wa shangazi yangu, alikuwa na sauti ya kwanza, sauti ya juu iliyokufanya ushike kifua bila kujua. Kaka yake Mwakio aliimba sauti ya tatu, mimi ya pili. Wa nne alikuwa Kilonzo, mtoto wa jirani yetu Mkamba aliyekuwa fundi wa reli. Alikuwa na miaka kumi na mitano tu, lakini besi yake ilikuwa ya mtu mzima. Sisi watatu tulikuwa damu moja, Wadawida, yaani Wataita, wa milimani tulioshushwa na kazi za baba zetu. Yeye peke yake hakuwa ndugu. Wakati huo sikuona kama hilo lina maana yoyote.

Kwaya ya kanisa ndiyo iliyotulea. Mwalimu wetu alitufundisha kwa do-re-mi ubaoni, akitembea na fimbo, na ole wako uteleze nusu sauti. Lakini tukitoka hapo, badala ya kucheza kati au blada na wenzetu, tulikimbilia nyuma ya kwota. Kulikuwa na tangi kuukuu la chuma, la zama za magarimoshi ya mvuke, limelazwa ubavu majanini. Tuliingia kwa kuinama. Jua la saa tisa lililigeuza tanuri, tukatoka jasho mpaka kwenye kope, lakini ungeimba neno moja humo, chuma kingekurudishia manne. Kwa hiyo watu wakatuita Wana wa Tangi.

Mjomba wake Kilonzo alikuwa mpishi katika behewa la chakula la treni ya Mombasa, na ndiye aliyetuletea sahani za santuri za Weusi wa Amerika. Tulizipiga kwa gramafoni ya kina Mwakio, sauti chini, mlango umefungwa. Muziki wenyewe uliitwa soul. Jamani! Waliimba kama watu waliolelewa kanisani. Mmoja aliita, wenzake wakaitikia. Alipaza sauti mpaka ikapasuka, kisha akashuka taratibu kama mtu anayetubu. Mwakio, aliyejua Kiingereza kutuzidi, alisikiliza mara mbili, akainua ile sindano.

"Huyu halii kwa Mungu," akasema. "Analilia msichana."

Tukatazamana. Nadhani ndiyo siku tuliyoharibika.

Tukaanza kuimba nyimbo za kanisa kwa mtindo ule. Jumapili ya kwanza, akina mama wawili walilia na wazee wakakunja mikono. Hawakuweza kusema tumekosea, maneno yalikuwa yale yale, lakini kuna kitu hawakukiamini. Sifa zikatangulia. Tuliitwa kwenye harusi, kwenye sherehe za shule, kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa shamba la mkonge kule Mwatate. Tulifika hata Taveta siku ya soko. Haukupita mwaka, kwaya ya Maungu nayo ikawa na mtu wa kuita na watu wa kuguna "uuuu" nyuma yake. Tukashuku kwamba wanatuma wapelelezi wasikilize mazoezi yetu. Mwakio akawa anazunguka tangi mara mbili kabla hatujaanza.

Na ndani ya tangi tulikuwa na siri. Wimbo mmoja aliotutungia mwalimu wetu ulianza hivi: "Bwana, nimefika mlangoni, usiniache nje." Mghoi akaondoa "Bwana", akatia "Mpenzi". Neno moja tu! Lakini Kilonzo alipoingia na besi yake pale kwenye "usiniache nje", nywele zilinisimama. Tukaapa kutouimba popote ila humo, wala mbele ya mtu mwingine.

Tulivunja kiapo mara moja tu. Alikuja bwana mmoja kutoka Nairobi, suti ya kijivu na miwani ya jua, akasema anatafuta sauti mpya za kuweka kwenye santuri. Tulimwita Bwana Santuri. Alikaribishwa chai sebuleni kwetu, na baba yangu hakumwondolea macho.

"Mtu anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba," Baba alimnong'oneza Mama, "anaficha nini?"

Tulimwimbia nyimbo tatu za kanisa, akatikisa kichwa kwa adabu. Ndipo Mghoi, bila kutuuliza, akamtoa nje hadi kwenye tangi, tukaimba ule wa nne. Akavua miwani. Alikuwa na macho ya kawaida tu, mekundu kidogo. Akasema, "Huo. Ijumaa ya wiki ijayo njooni Mombasa."

Siku nane. Sikulala vizuri hata moja.

Jumamosi tukaitwa na wazee wa kanisa. Mchungaji alikuwa ameshika karatasi, na juu ya karatasi hiyo, kwa mwandiko mzuri wa kuegemea upande, kulikuwa na wimbo wetu. Na lile "Mpenzi" limepigiwa mstari.

"Haya ni maneno yenu?"

Tukasimamishwa kwaya papo hapo. Baba alikasirika, lakini si kwa upande niliotarajia. Alisema kanisa linalopeleleza watoto halimwambii yeye binti yake aende wapi, na Mombasa tutakwenda, atatusindikiza yeye mwenyewe. Basi safari ilibaki. Kilichobaki pia ni swali: nani alisema?

Siku ya pili tulikutana kwenye tangi. Mghoi hakuketi.

"Kilonzo, Alhamisi ulionekana ukitoka kwa Mchungaji. Ulifuata nini?"

"Nilikwenda na Baba. Tulitengeneza kinanda, kilikuwa kimekufa noti mbili."

"Na hicho kinanda kikakuuliza tunaimba nini?"

"Mghoi, mimi sijasema kitu."

"Tulikuwa wanne tu humu," Mwakio akasema. "Na yule wa Nairobi, ambaye hamjui hata Mchungaji. Sisi watatu ni ndugu."

Humo ndani kila neno lilirudi mara nne. Ndugu, ndugu, ndugu, ndugu. Kilonzo aliwaacha hao wawili, akanigeukia mimi. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono yote miwili.

"Saru, na wewe unafikiri ni mimi?"

Ningeweza kusema hapana. Sikuwa na ushahidi wowote juu yake. Lakini nami nilimwona akitoka kwenye lango la Mchungaji Alhamisi, na shaka ilikuwa imekwisha kunikaa rohoni kama mwiba wa mgunga. Nikasema, "Sijui."

Akavaa kofia, akainama, akatoka. Nje tukamsikia akiburuta miguu kwenye kokoto za reli, mpaka kukawa kimya.

Jumanne nilikuwa nyuma ya nyumba na nyanya yangu, tunamenya mbaazi za kupikia kimanga, kile chakula chetu cha kuponda. Nyanya alikuwa ameshuka kutoka milimani mwaka ule kwa sababu ya miguu, na kila Alhamisi alikwenda kwenye kikao cha akina mama nyumbani kwa Mchungaji. Alikuwa akivuma wimbo. Nilisikiliza kidogo, nikaacha kumenya. "Mpenzi, nimefika mlangoni..."

"Nyanya, huo umeutoa wapi?"

"Kwako. Si ndio unaoimba kila ukiosha vyombo?" Akacheka. "Niliwaimbia akina mama wiki iliyopita. Waliupenda! Mama Mchungaji akaniomba niurudie polepole ayaandike maneno."

"Nyanya, uliwaimbia 'Mpenzi'?"

"Ndiyo. Kwani Mpenzi si Yesu?"

Alinitazama kwa macho yake meupe ya uzee, akisubiri nijibu. Nikasema ndiyo, Nyanya, ni Yesu. Na nikaendelea kumenya.

Nilikuwa na siku tatu. Ningewaendea Mghoi na Mwakio, niseme, ni mimi, niliimba jikoni kama mjinga, Kilonzo hana kosa. Lakini niliwajua. Wangeniuliza kwa nini nilisema "sijui". Wangeniondoa mimi. Na kusema kweli niliitaka ile santuri kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Jumatano jioni nilikwenda mpaka nyumba ya kina Kilonzo. Dirisha lilikuwa wazi. Nilimwona amekunja blanketi juu ya meza, anapiga pasi ya makaa shati jeupe, taratibu, kola kwanza. Kumbe alikuwa bado anajiandaa. Nilisimama pale mpaka pasi ikapoa akaenda kuongeza makaa, kisha nikarudi nyumbani.

Ijumaa tulipanda treni watatu na Baba. Mghoi alikaa dirishani, hakugeuka. Mimi niligeuka. Kilonzo alikuwa amesimama mwisho wa jukwaa la stesheni, amevaa lile shati.

Studio ilikuwa chumba chenye magunia ukutani, hakina mwangwi hata kidogo. Bwana Santuri alitazama nyuma yetu. "Besi yuko wapi?" Mghoi akasema anaumwa. Tuliimba mara saba. Kila tulipofika "usiniache nje" palikuwa na shimo, na kila mmoja wetu alilisikia, na kila mmoja alijifanya hasikii.

Santuri ilitoka. Redio iliupiga wimbo wetu, majirani wakajaa sebuleni, na Nyanya akawaambia wote kwamba ni wa Yesu. Tuliimba kama miaka miwili zaidi. Lakini shaka ikishapewa kiti nyumbani haiondoki. Mwakio alimshuku dada yake kwamba anaandikiana na Bwana Santuri ili aimbe peke yake. Mghoi alitushuku sisi kwamba tunamwonea wivu. Kila mmoja alianza kufunga daftari lake la nyimbo. Tulivunjika bila ugomvi hata mmoja, siku moja tu hakuna aliyekwenda kwenye tangi. Wakati huo kina Kilonzo walikuwa wamekwisha kuhamishiwa stesheni nyingine huko bara.

Nilikuja kuwa mwalimu Mwatate. Katika miaka ya themanini, kwenye mashindano ya nyimbo za shule, ikapanda kwaya ya watoto kutoka Maungu. Walipofungua midomo tu nilijua. Yule mtoto wa kuita, wale wa kuitikia, na chini kabisa, mvulana mmoja mwembamba mwenye besi isiyo ya umri wake. Mwalimu wao alitoka mbele kuwainamisha kwa watu. Alikuwa Kilonzo, ameota kitambi, na ndevu zina mvi mbili tatu.

Tulikunywa chai chini ya turubai, watu wakipita. Nilimwambia kabla hajakoroga sukari, kwa sababu nilijua nikingoja sitasema. Nikamweleza habari za Nyanya, za mbaazi, na zile siku tatu.

Kilonzo alisikiliza mpaka mwisho. "Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Nilikuwa chumba cha pili siku ile, namshikia Baba misumari. Nilimsikia nyanya yako anaimba. Nilimsikia Mama Mchungaji akitafuta kalamu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, wangekugeukia wewe. Nikaona heri nikuache useme mwenyewe." Akakoroga chai yake muda mrefu. "Nilingoja, Saru. Hata treni ilipopiga honi nilijua utateremka."

Nilimwomba msamaha, naye akanipa, kwa upole ule ule wa siku zote, akaniuliza hali ya Nyanya. Nikamwambia tumemzika mwaka juzi. Akavua kofia. Kisha watoto wake wakamwita, akaenda, na tangu siku ile tumebaki watu wa kusalimiana vizuri.

Leo wajukuu wangu wana kikundi chao. Wanarekodia chumbani, godoro limesimamishwa mlangoni, simu imewekwa juu ya sufuria. Besi wanaitoa kwenye mashine, eti ni bora kuliko ya mtu. Nyimbo zao sijui kama ni za Mungu au za nani, na hakuna mzee wa kuwauliza. Siku zile tungewacheka: wanaimba pumzi moja, wanapumzika tatu, na suruali zimewashuka kiunoni.

Lakini wiki jana walikosana. Mmoja alishukiwa ametoa wimbo wao kwa kikundi kingine. Nikasimama koridoni nikisikiliza. Walipigiana kelele mpaka kuku wakakimbia uani. Wakatukanana, wakaoneshana simu, mmoja akalia. Halafu yule mdogo, msichana wa miaka kumi na minne, akasema kwa sauti kubwa, "Ni mimi. Nilimtumia rafiki yangu. Sikujua ataueneza. Nisameheni." Wakamnunia dakika kumi hivi. Kisha nikasikia godoro linasukumwa mlangoni, na wote wanne wakaanza upya.

Nilirudi jikoni nikakaa. Sisi tulikuwa na adabu sana enzi zetu, hakuna aliyempigia mwenzake kelele.