Baba yangu alivyowapima wageni kama korosho

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu nimeufuta na kuuandika upya mpaka simu ikapata moto, kwa hiyo mkikuta kosa niambieni taratibu, mimi ni mtu wa wasiwasi. Chumvi sijaongeza.

Mzee wangu alikuwa mpima ubora wa korosho kwenye ghala la chama cha msingi cha wakulima, huku kwetu Pande, Kilwa. Anachota korosho guniani, anaitikisa sikioni, anatoa hukumu. Ikilia ni kavu, inapita. Ikinyamaza ni mbichi, irudi ikaanikwe.

Basi akapata ugonjwa wa kusahau, dementia. Akasahau njia ya msikitini, akasahau kama amekula, akasahau jina langu.

Kazi hakusahau.

Mgeni akimpa mkono, mzee anausogeza sikioni, anautikisa, anasikiliza.

"Mbichi. Kaanike."

Na wageni walistahili, wallahi. Kila mmoja alipata udaktari njiani akija kwetu. Jirani: hilo ni jini. Baba mdogo kutoka Lindi mjini: ni presha tu, mpeni kitunguu saumu, na kuna mganga namfahamu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba." Mkono wa baba mdogo ukatikiswa. Mzee akakunja uso. "Hii imemwagiwa maji makusudi iongeze uzito. Nani kaileta?"

Mama alikimbilia jikoni, kanga mdomoni.

Sasa mimi, bingwa wa kujisomea. Kulea mgonjwa nimejifunza kwenye video za mtandaoni. Nikabandika ratiba ukutani, ya rangi: uji, mazoezi, picha za familia. Uji ukichelewa, anayekosa raha ni mimi, mzee yuko zake anaimba.

Nilichokitaka ni kimoja tu. Aseme, huyu mwanangu.

Kila asubuhi: "Shikamoo baba." Natoa mkono.

"Marahaba. Mbichi."

Nikafika hatua ya kukaa uani nikianika viganja juani kabla ya kumsalimia. Chekeni tu, hata mimi nacheka.

Siku zake za mwisho alikuwa wa kitandani. Nikaingia na picha zangu za familia, Mama akanikata: "Hebu mwache baba yako apumzike na ratiba yako hiyo!"

Nikaziweka picha chini, nikakaa pembeni. Mzee akauchukua mkono wangu mwenyewe. Akautikisa kidogo, nguvu hana. Akasikiliza muda mrefu kuliko siku zote.

"Hii mbichi," akamwambia Mama.

Nikainamisha kichwa.

"Lakini ya shambani kwetu. Iweke ndani, isiuzwe."

Ratiba niliibandua jioni ile, ukuta ukabaki na madoa ya gundi. Sijayasugua mpaka leo, na mimi ndiye yule wa kufuta uzi kwa ajili ya koma.

Nilichojifunza: nilipoteza asubuhi nyingi nikimfanyia baba yangu mtihani, wakati nilitakiwa kukaa naye tu.

Wenye wazee wa hivi, tupeni uzoefu wenu. Wa kitunguu saumu pia karibuni, ila mtangulize mkono.